Mhadhiri wa muda anayefundisha walimu wa Kiingereza Marekani: piga hesabu kabla ya kusaini

Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, anahamia na wazazi wake Louisville, Kentucky, na kupangiwa darasa la sita. Kiswahili kimemkaa, Kifaransa cha shule ya kambini anacho kidogo, Kiingereza hana. Mwaka mmoja baadaye anapiga soga na wenzake kwenye basi la shule, anabishana kuhusu mpira, na dukani ndiye mkalimani wa mama yake. Mwalimu wa sayansi anaona kijana ameshaiva. Unakuja mtihani wa kueleza jinsi mvuke unavyogeuka kuwa maji, na kijana anaacha nusu ya karatasi tupu. Ripoti inasema hajitumi.

Simlaumu mwalimu wa namna hii. Hakuna aliyemweleza kwamba Kiingereza cha uwanjani kinakuja upesi na Kiingereza cha kitabu cha sayansi kinachelewa sana. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alilifafanua jambo hili miaka mingi iliyopita: mtoto mgeni huhitaji kama mwaka mmoja hadi miwili kuzungumza vizuri na wenzake, lakini kuifikia lugha ya masomo ya rika lake humchukua miaka 5 hadi 7. Mwalimu hujifunza hayo chuoni, kama chuo kina mtu wa kuyafundisha. Na mtu huyo mara nyingi ni mhadhiri wa muda, anayelipwa kwa kila kozi, anayekuja jioni moja kwa wiki, na ambaye mkataba wake unakwisha muhula unapokwisha.

Makala haya nimewaandikia walimu kutoka Afrika Mashariki na Kongo ambao sasa wanaishi Marekani, wanaoona matangazo ya kazi hizo na kusita. Mimi kazi yangu ni kufundisha walimu, na nimekaa kwenye kamati nyingi za usaili. Wengi wenu mnafaa kuliko mnavyodhani. Wengi pia husaini bila kupiga hesabu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwanza, kwa nini kazi hizi zipo. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule za San Francisco zilikosea kuwaacha wanafunzi wapatao 1,800 wenye asili ya Kichina wakae darasani bila msaada wowote wa lugha. Kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule wa wenzake, ilisema mahakama, si kumpa elimu sawa kama haelewi kinachosemwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya fursa sawa za elimu, na mwaka 1981 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Castañeda dhidi ya Pickard, ikaweka vipimo vitatu: mpango wa shule usimame juu ya nadharia inayokubaliwa na wataalamu, utekelezwe kwa walimu na vifaa vya kutosha, na matokeo yake yapimwe. Kipimo cha pili ndicho kilichozaa kazi tunayoizungumzia. Huwezi kuwa na walimu wa kutosha bila mtu wa kuwafunza.

Majimbo yalifuata kwa mwendo tofauti. Florida, baada ya makubaliano ya kimahakama ya mwaka 1990, iliwataka walimu wa lugha wenye wanafunzi wanaojifunza Kiingereza kukamilisha saa 300 za mafunzo au kozi tano za chuo: isimu tumizi, mbinu za kufundishia, mawasiliano kati ya tamaduni, utayarishaji wa mtaala, na upimaji. Massachusetts ilianza mwaka 2012 kuwadai hata walimu wa hisabati na sayansi kibali maalumu cha kufundisha wanaojifunza Kiingereza. Mwaka 2021 wanafunzi wa aina hii katika shule za umma walikuwa takriban milioni 5.3, yaani zaidi ya mmoja katika kila kumi. Amri ya rais ya Machi 2025 iliyotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi haikuifuta hukumu ya Lau wala sheria ya 1974.

Sasa fedha, na hapa naomba tuende taratibu.

Chukua kozi moja ya krediti tatu (krediti moja ni kama saa moja ya darasani kwa wiki) kwa dola 4,000. Nauita mfano tu, maana malipo hutofautiana sana kati ya chuo na chuo. Katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York, chama cha wafanyakazi kilipigania hadi kiwango cha chini cha kozi ya krediti tatu kikafika dola 5,500 mwaka 2022, na sehemu nyingine hupati hata hizo 4,000. Muhula una wiki 15. Darasani utakaa saa tatu kwa wiki. Lakini nani anafundisha saa tatu akaondoka? Kuna kuandaa somo, kusahihisha, kujibu barua pepe saa nne usiku. Ukichukua saa kumi kwa wiki, umefanya kazi saa 150, na kila saa imekulipa chini ya dola 27 kabla ya kodi. Mara ya kwanza unapofundisha kozi, ukiunda silabasi kuanzia mwanzo, saa hizo huongezeka kwa urahisi. Hakuna bima ya afya, hakuna likizo yenye malipo, na Julai hakuna mshahara.

Serikali yenyewe inazihesabu saa zako kwa namna mbili, na wahadhiri wengi wa muda hawalijui jambo hili. Kwa ajili ya bima ya afya, mamlaka ya kodi iliruhusu mwaka 2014 kwamba kila saa ya darasani ihesabiwe kuwa saa 2.25 za kazi. Mwajiri mkubwa analazimika kukupa nafasi ya bima ukifikisha saa 30 kwa wiki. Krediti tisa, yaani kozi tatu, zinakupa saa 20 na robo tu, ndiyo maana vyuo vingi vina kikomo cha kozi na hutakiona kikivukwa hata uombe vipi. Lakini kwa ajili ya kusamehewa mkopo wa elimu wa serikali kuu kwa watumishi wa umma, tangu Julai 2023 kila krediti inahesabiwa kuwa saa 3.35. Krediti zilezile tisa zinakuwa saa 30 na ziada. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa kazi ileile, hana bima ya mwajiri na wakati huohuo anahesabika mfanyakazi wa muda wote mbele ya mkopo wake. Unaweza hata kujumlisha kozi za vyuo viwili, mradi vyote ni vya umma au visivyo vya faida. Kama ulisomea uzamili Marekani kwa mkopo wa serikali, omba kila chuo kikujazie fomu ya kuthibitisha ajira yako kwa ajili ya msamaha huo kila mwaka. Wenye deni wanaopoteza miaka kwa kutojua hivi ni wengi mno.

Uliza pia kinachotokea kozi ikifutwa. Mikataba mingi inakiruhusu chuo kuifuta siku chache kabla ya kuanza, wanafunzi wakiwa wachache. Vipo vinavyolipa kifuta jasho kwa maandalizi, vipo visivyolipa senti. Uliza kabla, kwa maandishi.

Mahitaji yenyewe hayatishi. Vyuo vingi vinataka shahada ya uzamili katika ufundishaji wa Kiingereza kwa wageni, isimu tumizi au elimu ya lugha mbili, uzamivu unapendelewa. Shahada ya nje ipelekwe kwa taasisi inayotathmini vyeti vya nje, na ufanye hivyo mapema kwa sababu nakala rasmi kutoka nyumbani huchelewa. Leseni ya ualimu ya jimbo ni faida kubwa, na uzoefu wa miaka mitatu au zaidi darasani una uzito kuliko machapisho. Tangazo linaweza kuandika ESL, ESOL, ENL au TESOL, vifupisho vinavyohusu kufundisha Kiingereza kwa wenye lugha nyingine. Usiache kuomba kwa sababu ya herufi. Vyuo vingine hutafuta pia wasimamizi wa walimu tarajali, wanaokwenda shuleni kuwatazama wakifundisha. Malipo yake huwa madogo zaidi, lakini ndiyo njia nzuri ya kujulikana na idara. Ukiombwa ada ya kuomba kazi, achana nayo.

Kwa aliyeko Dar es Salaam au Goma nasema wazi: ni nadra sana chuo kumwombea mtu viza kwa ajili ya kozi moja, na hata kozi za mtandaoni huhitaji kibali cha kufanya kazi, mara nyingi na makazi katika majimbo fulani.

Nirudi kwenye kile ulicho nacho. Mwalimu aliyefundisha kidato cha kwanza Tanzania amewapokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili na kukuta biolojia imegeuka Kiingereza usiku mmoja. Ameandika msamiati ubaoni, amechora, ameigiza, amewaacha wajadiliane kwa lugha yao kisha waandike kwa nyingine. Huku hizo ni mbinu zinazofundishwa kwa majina makubwa. Ziandike kwenye barua yako ya maombi kwa mifano, darasa la watu wangapi, mada gani, ulifanya nini.

Unajua pia kwa nini mtoto wa Nyarugusu anamwita dada yake kwa kiwakilishi cha kiume: kwetu yeye ni yeye, mwanamume au mwanamke. Unajua kwa nini anainamisha macho mwalimu anapomsemesha. Unajua kwamba mzazi aliyeambiwa saa tisa anaweza kuja alasiri, kumbe kikao kilikuwa asubuhi.

Ukiitwa usaili na kuombwa kipindi cha mfano, nakushauri ufanye hivi. Fundisha kamati hiyo mzunguko wa maji kwa Kiswahili, dakika tano, bila picha wala ishara, kwa kasi ya kawaida. Waulize maswali na wasubiri wajibu. Kisha rudia somo lilelile: chora bahari na wingu, onyesha mvuke kwa mkono, andika maneno matatu tu ubaoni, mpe kila mmoja mwenzake wa kuzungumza naye. Mara ya pili wataanza kusema, kwa kigugumizi, jua, mvuke, mvua.