Ulichosema ni kweli, sawa, lakini umemwacha aamini nini?

Nafundisha maadili ya dini, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni Talmudi ya Wayahudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, yaani walimu wao wa dini, hasa zile kurasa zinazoongelea mambo madogomadogo ya kila siku, mtu kwenda sokoni, mtu kumkaribisha mwenzake chakula, mtu kuulizwa hiki nilichonunua umekionaje. Wengi tumekua tukiamini kwamba kama maneno yako ni ya kweli basi uko salama, hakuna wa kukushika. Marabi hawakubali hivyo hata kidogo, na mimi kadiri ninavyowasoma naona wako sahihi.

Mfano Shmuel, huyu alikuwa rabi na hakimu kule Nehardea, Babeli, karne ya 3. Alisema ni marufuku kuiba fikra za mtu, yaani kumfanya aamini kitu ambacho sicho, na akasema hata kama mtu huyo si Myahudi. Mifano iliyopo kwenye Talmudi, kitabu cha Hulin ukurasa wa 94, ndo inanifurahisha. Usimng'ang'anie rafiki yako aje kula kwako wakati unajua kabisa hatakuja. Usimfungulie mgeni pipa la divai akadhani umelifungua kwa ajili yake tu, kumbe ulishaliuza kwa mwenye duka na lilikuwa linafunguliwa vyovyote vile, mpaka umwambie.

Angalia vizuri hapo, hakuna sentensi hata moja ya uongo. Divai ni divai kweli na mgeni amekunywa kweli. Lakini anaondoka akijiona ana deni kwako, moyoni anasema huyu mtu ananijali sana, na hiyo shukrani hujaitolea jasho, umeichukua bure. Kwa hiyo swali la kwanza sio ulisema nini, ni mwenzako alibaki anaamini nini na imemgharimu nini.

Sokoni ndo wako wakali zaidi. Mishna, mkusanyo wa sheria ambao Talmudi inaufafanua, iliyokusanywa karibu mwaka 200, inakataza kupaka rangi vyombo vya zamani vionekane vipya, na kuna mwenye nafaka anayepepeta zile za juu tu mdomoni mwa ghala ili mteja akichungulia aone safi, wanasema huyo anaiba jicho. Ukishasoma hapo huwezi tena kuangalia ndoo ya nyanya iliyopangwa nzuri juu na mbovu chini kwa macho yaleyale. Na simu ya mtumba, muuzaji anakwambia nimeitumia miezi sita tu, kweli kabisa miezi sita, ila hasemi kwamba na yeye aliinunua mtumba, mimi kwa kanuni hii namhesabu amedanganya.

Mnunuzi naye hajaachwa. Mishna hiyohiyo inasema usiulize hii bei gani kama huna nia ya kununua. Wengi hapa wanashtuka, jamani hata kuuliza bei? Mimi naielewa hivi, kulinganisha bei duka moja na lingine sio kosa kwa sababu hapo kweli unaweza kununua. Tatizo ni yule anayeingia dukani, anajaribisha viatu pea baada ya pea, muuzaji anapanda ngazi anashuka, na muda wote huo jamaa ameshaamua ataagiza mtandaoni kwa bei rahisi. Amemwibia yule muuzaji matumaini, na marabi wanaliita hilo dhuluma ya maneno.

Kuna mpaka lakini. Marabi wawili, Rava na Rav Safra, walikuwa njiani wakakutana na mwenzao Mar Zutra, yeye akadhani wametoka mjini kuja kumpokea, akawaambia mbona mmejisumbua hivyo. Rav Safra akajibu palepale kwamba hawakujua anakuja. Rava akamlaumu, mbona umemvunja moyo? Kwa Rava, mtu akijidanganya mwenyewe bila wewe kufanya chochote, mzigo sio wako.

Karne ya 20 kule New York, Rabi Moshe Feinstein aliulizwa kuhusu mitihani ya serikali, je, wanafunzi wa dini wanaweza kupata majibu kwa wizi ili wapate muda zaidi wa kusoma Torati? Alikataa kabisa, na moja ya sababu zake ni kwamba kesho mwajiri atakitegemea hicho cheti na atalipa mshahara kwa elimu ambayo haipo. Sivii zilizopambwa ziko humohumo, sioni haja ya kuongeza neno.

Sasa mtu ataniuliza, na uongo wa kuleta amani je? Upo, na marabi wanautoa kwenye Mwanzo 18. Sara anacheka moyoni akisema mume wake mzee, halafu Mungu anapomwuliza Abrahamu anataja uzee wa Sara tu, neno la kumuumiza mume halikufika. Kuna shule mbili za marabi wa zamani zilizokuwa zikibishana, shule ya Hillel inasema kila bibi harusi msifie uzuri, shule ya Shammai inapinga kwa sababu Kutoka 23 inasema ujitenge na neno la uongo. Mimi niko na Hillel, ila naomba tuangalie nani anafaidika. Ukimwambia bosi mtoto anaumwa ili ulale, amani hiyo ni yako peke yako, usimtaje Sara hapo.

Na hata amani ya kweli ina breki. Kuna rabi aliyeitwa Rav, aliyeishi zama moja na Shmuel, mke wake alikuwa akiombwa dengu anapika njegere, akiombwa njegere anapika dengu. Mtoto wao Hiya alipokua akawa anageuza maagizo ya baba njiani, na baba akaanza kula anachotaka. Rav alipojua alimsifia akili lakini akamwambia usifanye hivyo tena, kwa sababu Yeremia aliwalaumu watu walioufundisha ulimi wao kusema uongo. Mstari huohuo Rabi Zeira anautumia kwa wazazi, usimwambie mtoto nitakupa kitu halafu usimpe. Kwa hiyo ukimwahidi juisi ili aache kulia upate kutoka mlangoni, rudi nayo hiyo juisi, hata kama ukifika unakuta ameshasahau.