Mgongo Unauma: Kabla ya Kupanda Kitanda cha Kairopraktiki

Kairopraktiki ni tiba gani hasa?

Ni tiba ya mikono kwa mgongo, shingo na viungo, iliyoanzia Marekani mwaka 1895. Mtaalamu husukuma kiungo kwa haraka, kidogo tu. Ule mlio wa "ko!" si mfupa uliorudi mahali pake, ni gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo. Usiposikika, tiba haijashindwa.

Mbona mapokezi wananihoji hivi, na mimi naumwa mgongo tu?

Kwa sababu majibu yako ndiyo yanayoamua kama utasukumwa au la. Waambie ukiwa mjamzito, ukiwa ulianguka na bodaboda, ukiwa unatumia warfarin (damu haigandi upesi) au umemeza prednisolone kwa miezi mingi (mifupa hudhoofika). Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda usivifiche kabisa: TB hushambulia hata pingili za mgongo, na pingili iliyoliwa haisukumwi. Njoo na dawa zenyewe pamoja na eksirei za zamani. "Vile vidonge vyeupe vidogo" haimsaidii mtu.

Msaidizi wa kliniki kazi yake ni ipi?

Kupima presha, kukulaza kifudifudi uso ukiwa kwenye tundu la kitanda, na kukusaidia kuinuka. Hapo kwenye kuinuka ndipo wengi hukosea: wanakurupuka, kizunguzungu kinawashika. Geuka ubavu, shusha miguu, jiinue kwa mkono, kaa kama dakika moja ndipo usimame. Kusukuma pingili si kazi yake. Mtaalamu akikwama kwenye foleni ya Ubungo na msaidizi akajitolea "kukunyoosha" wewe, kataa.

Nimerudi nyumbani, maumivu yamezidi. Ni kawaida?

Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Tembeatembea, usilale kutwa. Lakini ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo kukwama au kujitokea, au mguu kuishiwa nguvu, ni hospitali leo hii, usiku hata kama ni wa manane. Muhimbili kuna taasisi ya mifupa, MOI, inayopasua migongo. Baada ya kusukumwa shingo, ulimi ukiwa mzito, ukiona viwili viwili au shingo ikiuma vikali ghafla, kimbia vilevile: mshipa wa damu huweza kuchanika na kuleta kiharusi. Ni nadra, ila hausubiri asubuhi.

Nikiambiwa nilipie miezi mitatu siku ya kwanza?

Usilipe. Maumivu mengi ya ghafla ya mgongo hupungua ndani ya wiki chache. Wiki sita zikipita bila nafuu, kinachotakiwa ni uchunguzi upya.