Bolti ya sheko haigongwi, inafunguliwa

Nimechoka kupokea Land Rover za zamani ambazo bolti za sheko, kile kiungo cha springi na chasisi, zimeshakula nyundo kabla ya kufika kwangu. Mwenye gari anashuka na kusema kwa kujiamini, "Fundi, nati zote nimetoa, bolti ndiyo imekataa." Halafu ananituliza kwamba Dodoma ni kukavu, kutu haiwezi kuwa kubwa.

Hilo la ukavu tulimalize. Mvua zetu hunyesha Desemba hadi Aprili, na tope unalorudi nalo kutoka Bahi likishajipachika nyuma ya springi linakaa na unyevu wake muda mrefu baada ya barabara kukauka. Na usiniambie Land Rover ni aluminiamu. Bodi, sawa. Chasisi, springi na bolti ni chuma.

Sasa nyundo. Sheko ya Series III, gari lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ina bamba mbili. Bamba moja lina tundu tupu, la pili lina uzi. Bolti imejifunga ndani ya bamba hilo la pili, na ile nati ya nje kazi yake ni kuizuia isilegee. Kwa hiyo ukitoa nati ukaanza kugonga, unapigana na uzi wa bamba. Ncha ya bolti inafumuka kama uyoga, na baada ya hapo hata mimi mwenye spana siwezi kuipitisha tena. Kutu haihusiki hapo, bwana. Ni wewe.

Weka spana kwenye kichwa, fungua. Hapa ndipo wengi wanashangilia mapema: bolti inazunguka kidogo, "imelegea!", ukiachia spana inarudi ilikokuwa. Haijalegea. Imegandana na bomba la ndani la bushi, na unachosokota ni raba ya bushi hiyo, iliyo katikati ya mabomba yake mawili ya chuma. Unaweza kusokota hadi magharibi. Dizeli, mafuta ya breki, vyote nimeona vikimwagwa, ila bamba zimeziba pande zote mbili na mafuta yanapenya kwa shida. Kuna nyakati nimelowesha, kesho yake bolti ikatoka vizuri, na siwezi kuapa kwamba ni mafuta yaliyoitoa.

Kuchoma raba kwa gesi? Kwenye chasisi iliyovuliwa kila kitu, labda. Kwenye 88, ile Land Rover fupi, yenye tangi la petroli chini ya kiti cha mbele, usinialike.

Mimi nakata. Chasisi juu ya stendi, ekseli juu ya jeki, springi isivutwe wala isining'inie, maana yenye mzigo itaruka bolti ikikatika. Diski nyembamba ya kukatia inapita kati ya bamba na bushi, upande huu na ule. Bolti mpya ni nafuu kuliko chasisi. Bushi ya kwenye chasisi nayo itolewe kwa kuvutwa, kwa bolti ndefu na kipande cha bomba. Ganda la nje likibaki, lichane kwa msumeno wa chuma taratibu, usije ukachana na chasisi, kisha likunje kwa tindo.

Kurudisha ndiko kunakonikera zaidi. Vijana wanakaza kila kitu magurudumu yakiwa hewani, kwa sababu spana inafika vizuri. Raba inashikwa ikiwa katika mkao wa kuning'inia, gari likishuka inabaki imesokotwa siku zote, inachanika mapema, lawama zinaenda kwa muuza spea: "umenipa feki." Na kweli, feki zipo, sibishi. Shina la bolti napaka grisi kidogo sana. Kuna mafundi wazee wanaonipinga kwa sababu raba haipendi grisi, na hoja yao ina uzito. Lakini kukaza hakuna mjadala: ingiza bolti zote zikiwa legevu, shusha gari, litikise mpaka springi zikae, ndipo ukaze, na nati za nje ziwe za mwisho.