Mtoto amelishwa maneno, na aliyemlisha hajijui

Mjadala wa ushahidi wa mtoto kwa kawaida una pande mbili. Wa kwanza anasema mtoto hajui kudanganya, akisema kitu basi kipo. Wa pili anasema mtoto ni mtoto tu, leo anasema hili kesho lile. Wote wawili wanamkodolea macho mtoto, na hakuna anayemtazama aliyeuliza.

Mtoto wa miaka 4 anakumbuka, tena vizuri. Ila akiachwa aeleze mwenyewe hutoa kidogo: "Anko alikuja. Akanipa biskuti. Tukaingia ndani. Basi." Hayo machache kwa kawaida ndiyo sehemu safi kuliko zote za ushahidi wake. Mtu mzima huyaona hayatoshi, akaanza kuchimba, na uharibifu unaanzia hapo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1900 Alfred Binet, mwanasaikolojia wa Ufaransa, aliwaonyesha wanafunzi ubao wenye vitu vichache, kimojawapo kifungo kilichobandikwa kwa gundi. Walioachwa waandike wanachokumbuka walikosea kidogo. Walioulizwa uzi ulioshikilia kifungo ulikuwa wa rangi gani waliitaja rangi, na uzi wenyewe haukuwapo. Mwaka 1980 Martin Hughes na Robert Grieve waliwauliza watoto wa miaka 5 na 7 maswali yasiyo na kichwa wala miguu: maziwa ni makubwa kuliko maji? Nyekundu ni nzito kuliko njano? Karibu wote walijibu. Mtoto hudhani mtu mzima hawezi kuuliza swali lisilo na jibu, kwa hiyo analitafuta jibu mpaka alipate.

Jaribio ninalolirudia kila ninapofundisha ni la Michelle Leichtman na Stephen Ceci, lililochapishwa 1995. Mgeni waliyempa jina la Sam Stone aliingia kwenye darasa la watoto wa miaka 3 hadi 6, akasalimia, akazunguka kwa dakika 2, akaondoka. Hakugusa kitu. Kundi moja lilikuwa limesimuliwa kabla kwamba Sam ni mtu wa kuangusha na kuvunja vitu, na baada ya ziara likahojiwa mara 4 kwa maswali yaliyochukulia kwamba amechana kitabu na kumchafua dubu wa kuchezea. Baada ya wiki 10 akaja mhoji mwingine, asiye na upande. Katika watoto wa miaka 3 na 4 wa kundi hilo, asilimia 72 walisema Sam alifanya angalau kosa moja. Walipoulizwa kama walimwona kwa macho yao, asilimia 44 walisema ndiyo. Walipobembelezwa kwamba labda hawakuona, asilimia 21 hawakurudi nyuma. Watoto ambao hawakusimuliwa chochote wala kulishwa maswali walikosea mara chache mno. Umri ni uleule na mgeni ni yuleyule. Kilichobadilika ni waliyoyasikia kwa watu wazima.

Na si lazima wiki 10. Sena Garven na wenzake, 1998, walichukua mbinu zilizotumika kwenye kesi ya shule ya awali ya McMartin huko California, ambako walimu walituhumiwa kuwanyanyasa watoto kingono, kesi iliyoanza 1983 na kuisha 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Mbinu zenyewe: kumwambia mtoto wenzake wameshasema, kumsifu akisema linalotakiwa, kurudia swali alilokwisha kulijibu, kumwambia afikirie nini kingeweza kutokea. Watoto 66 wa miaka 3 hadi 6 waliulizwa kuhusu mgeni aliyekuja kuwasomea hadithi. Kwa maswali ya kuongoza peke yake, kiwango cha tuhuma za uongo kilikuwa asilimia 17. Ulipoongezwa mchanganyiko huo kilifika asilimia 58, kwa mahojiano ya chini ya dakika 5. Tafadhali soma tena hizo mbinu, kisha jiulize mama mwenye hofu anamuulizaje mwanawe saa 2 usiku.

Kiswahili nacho kina mitego yake, na miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haitakuonya. Wa kwanza ni "si": "Si alikushika hapa?" Hilo ni jibu lililovaa alama ya kuuliza. Wa pili ni swali la kukanusha. Ukiuliza "Hakukushika?" na mtoto akajibu "ndiyo", kwa Kiswahili sanifu amekubaliana nawe kwamba hakushikwa. Mtoto wa mjini anaweza kumaanisha kinyume chake, na kwenye maelezo ya polisi litaandikwa vyovyote. Wa tatu ni "alimpiga": nani, nani? Viambishi vyetu havisemi mwanamume wala mwanamke, na mtoto hakumbuki kumtaja mhusika kwa jina. Usimkisie. Sema, "Umesema alimpiga. Nani alipiga?" Halafu kuna "anko", ambaye anaweza kuwa kaka wa mama, mpangaji, dereva wa bodaboda au muuza duka. "Jana" ya mtoto wa miaka 4 ni wakati wowote uliopita. Na "tabia mbaya" inaweza kuwa ubakaji, na inaweza kuwa matusi. Mwache aifafanue kwa maneno yake, hata kama maneno yenyewe yanakutia haya.

Mahojiano mazuri yanaanza kabla ya kugusa tukio. Itifaki inayotumika sana, iliyotengenezwa na Michael Lamb na wenzake miaka ya 1990, inaweka kanuni kwanza: hujui, sema sijui, hujaelewa, sema sijaelewa, nikikosea, nirekebishe. Kwetu hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Mtoto aliyefundishwa shikamoo na kutobishana na mkubwa hawezi kukurekebisha kwa sababu tu umemruhusu. Lazima afanye mazoezi. Mwambie aliye na miaka 6, "Wewe una miaka 2." Akinyamaza na kumwangalia mama yake, bado hajawa tayari, rudia kwa mfano mwingine. Muulize, "Paka wangu anaitwa nani?" Akikubunia jina, mweleze kwamba hapo "sijui" ndiyo jibu. Sifa apewe kwa kukurekebisha na kwa kusema hajui, kamwe asipewe kwa kutaja mtu.

Kisha zoezi la kusimulia: "Nieleze siku ya Idi, tangu ulipoamka." Mtoto anajifunza kwamba hapa yeye ndiye msemaji, nawe unapata kipimo cha urefu wa masimulizi yake ya kawaida. Ndipo unaingia: "Nieleze kilichokuleta leo." Akisimama, "Halafu ikawaje?" Akikwama kabisa, chukua neno lake mwenyewe: "Umetaja godoro. Nieleze habari za godoro." Swali la ndiyo au hapana liwe la mwisho, na akijibu ndiyo, rudi palepale kwenye "nieleze". Kulirudia ni kosa: mtoto mdogo akisikia swali lilelile mara ya pili hudhani jibu la kwanza lilikuwa baya, analibadilisha. Wakili wa utetezi naye anasubiri hapohapo.

Tukio lililojirudia ni shughuli nyingine. Mtoto hukumbuka mtiririko wa kawaida na kuchanganya siku: nguo za siku hii, chumba cha siku ile. Kumuuliza ni mara ngapi ni kupoteza wakati. Omba mara ya mwisho, kisha ya kwanza, kisha moja anayoikumbuka sana, kila moja peke yake.

Kwenye gwaride la utambulisho, ambapo shahidi huonyeshwa watu kadhaa ili amtaje mhusika, kuanzia miaka 5 au 6 mtoto humtambua mhusika karibu sawa na mtu mzima, iwapo mhusika yumo. Asipokuwemo, mtoto huchagua mtu tu, kwa sababu ameitwa kuchagua. "Anaweza asiwepo" lisemwe wazi kabla. Pakitumika picha, kuongeza kivuli kisicho na sura ambacho anaweza kukionyesha kwa maana ya "hayupo" hupunguza makosa hayo.

Mahakamani, Tanzania Bara ilibadilisha Sheria ya Ushahidi mwaka 2016: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mahakama ya Rufani imeeleza maswali mepesi ya kumfikisha hapo: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, kisha ahadi. Utafiti wa Victoria Talwar na wenzake, 2002, unaiunga mkono ahadi: ilipunguza uongo, wakati uwezo wa mtoto kueleza maana ya ukweli haukutabiri kama atausema. Ila ahadi inamzuia anayetaka kudanganya. Mtoto aliyelishwa maneno wiki 10 ataahidi kwa moyo mweupe.

Upande wa pili nao usisahaulike. Mwaka 1991 Karen Saywitz na Gail Goodman walichapisha utafiti wa wasichana 72 wa miaka 5 na 7 waliopimwa hospitali. Nusu yao walikaguliwa sehemu za siri. Wengi wa hao hawakulitaja hilo mpaka walipoulizwa moja kwa moja, na wasiokaguliwa waliodai wamekaguliwa walikuwa wachache sana. Kwa hiyo "hakusema siku ya kwanza" haithibitishi kwamba amebuni.

Nyumbani, basi. Mtoto akisema jambo, uliza mara moja tu: "Nieleze ilikuwaje." Akimaliza, acha. Usimwite shangazi aje asikie naye. Ikiwa ni ubakaji, hospitali isisubiri mahojiano, maana dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU inatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kwenye daftari andika saa, maneno yake kama alivyoyatamka, na juu ya kila jibu andika ulichouliza wewe, hata kama uliuliza vibaya. Ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akilipata daftari lenye majibu bila maswali, hana namna ya kujua neno lipi lilikuwa la mtoto.