Homa ya mgunda ni nini, na inatambuliwaje?

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa kuuma, mwili kuishiwa nguvu na damu kutoka puani. Sampuli zikapimwa Ebola, Marburg na Uviko-19, zote hasi. Baadaye waziri wa afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza jibu: homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Waliougua walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki.

Huu ni ugonjwa wa bakteria wembamba waliojikunja kama springi ya kalamu. Hukaa kwenye figo za panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa, mara nyingi mnyama mwenyewe haumwi, kisha hutoka na mkojo. Kwenye maji yasiyo ya chumvi au tope huweza kuishi wiki kadhaa. Mtu anayepandikiza mpunga akiwa peku, au anayevuka maji ya mafuriko, huwapata kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Maji yenyewe yanaweza kuonekana safi kabisa.

Dalili huanza kati ya siku 2 na 30 baadaye, na hapo ndipo utata ulipo, kwa sababu zinafanana na za malaria. Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa wa homa waliolazwa ulikuta zaidi ya nusu wameandikiwa malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6 tu. Macho mekundu yasiyo na usaha na maumivu makali ya misuli nyuma ya mguu, chini ya goti, yamtie daktari shaka. Kwa wachache hufuata macho na ngozi kuwa njano, figo kushindwa kazi au mapafu kuvuja damu.

Kipimo nacho kina siku zake. Wiki ya kwanza bakteria wako kwenye damu, hivyo hutafutwa vinasaba vyao. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana nao: majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na leptospira hai, ndio bakteria wenyewe, na mtaalamu huangalia kwenye hadubini kama wanashikamana, ishara kwamba kingamwili zipo. Lazima aina za bakteria zinazotumika zijumuishe zile za eneo husika. Mojawapo inaitwa Sokoine, na iligunduliwa Morogoro. Maabara isiyo na aina ya kwenu inaweza kukupa majibu hasi nawe unaumwa. Tena sampuli moja mara nyingi haitoshi. Huchukuliwa ya pili baada ya wiki mbili hivi, na kingamwili zikiwa zimepanda mara nne au zaidi, jibu ni hilo.

Kwa kuwa hayo yote huchukua muda, daktari akishuku huanza dawa za kuua bakteria, doksisaiklini au penisilini, mapema bila kusubiri majibu. Ila ili ashuku, inabidi aambiwe habari za jaruba, mto au panya wa ghalani, na wagonjwa wengi hawaulizwi.