Biomasi endelevu: maana yake kwa mwenye shamba, msambazaji na kiwanda nchini Uganda

Biomasi ni kuni, makaa, maganda ya kahawa, makapi ya miwa, pumba za mpunga, vumbi la mbao na mabaki mengine ya mimea yanayochomwa kutoa joto au umeme. Uganda inaitegemea kuliko chanzo kingine chochote cha nishati, na si kwa sigiri na mafiga ya nyumbani pekee. Viwanda vya chai vya Fort Portal na Bushenyi hukausha majani kwa moto wa kuni. Kiwanda cha saruji cha Hima, Kasese, kimewahi kutumia maganda ya kahawa kama sehemu ya mafuta yake. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, huchoma makapi ya miwa, hujitosheleza kwa umeme na kuuza unaobaki kwenye gridi ya taifa.

Biomasi huwa endelevu pale kinachovunwa kwa mwaka kisipozidi kinachoota mwaka huo, udongo na vyanzo vya maji vikabaki salama, na mnunuzi akaweza kuufuatilia mzigo hadi shamba ulikotoka. Gogo lenyewe halikuambii lolote: mti wa shea, unaozaa njugu za mafuta, uliokatwa Acholi, kaskazini mwa Uganda, huwaka vizuri kama mkaratusi wa kupandwa, ila shea huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku ukataji wa miti kwa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi. Hatua hiyo ilihitajika, lakini jikoni Kampala moto bado unawashwa kila siku, kwa hiyo lazima kuni na makaa yatoke mahali pengine palipopangwa.

Kupanga huanza na hesabu, na hapa ndipo wengi huteleza. Chukua kiwanda kinachotumia tani 20 za kuni kavu kwa siku, siku 300 kwa mwaka: tani 6,000. Shamba zuri la mkaratusi, lenye mvua ya kutosha na palizi ya uhakika, huongeza kama mita za ujazo 25 kwa hekta kila mwaka. Mita moja ya ujazo ikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 20 hubakia na uzito wa kilo 560 hivi, kwa hiyo hekta moja hutoa tani 14. Ukitoa asilimia 15 kwa matawi, moto, wizi na miti iliyokufa, zinabaki tani 12. Kiwanda hicho basi kinahitaji hekta 500, na kama mti huvunwa ukiwa na miaka saba, hukatwa hekta 71 kila mwaka na kuchipuzwa au kupandwa upya papo hapo. Kwenye ardhi dhaifu inayoongeza mita 15 tu, hekta zinazotakiwa hukaribia 850. Kiwanda chenye hekta 100 kinachodai kuwa kinajitosheleza kwa kuni zake, kuna msitu wa mtu mwingine unaolipia pengo hilo.

Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 huingiza miche 1,600 kwa hekta. Mwaka wa kwanza ndio huamua: magugu na mchwa huua miche mingi. Tangu 2002 kuna pia kidudu kiitwacho Leptocybe invasa, kinachofanya vinundu kwenye majani na vikonyo na kudumaza mti. Dawa yake ni kuchagua aina zinazokihimili, si kunyunyizia sumu. Wakati wa kuvuna, kata kwa msumeno, sentimita 10 hivi kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Panga huchana gome, na kisiki kilichochanika huoza badala ya kuchipua. Machipukizi yakifika urefu wa mtu, bakiza mawili yenye nguvu. Na mkaratusi usipandwe kinamasini wala kando ya chemchemi, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Jambo la pili ni unyevu, na linastahili uangalifu kuliko bei. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni yenye unyevu wa asilimia 50 hutoa megajuli 8 hivi za joto. Ikishuka hadi asilimia 20 hutoa 14. Anayenunua mbichi kwa mizani analipia maji, kisha anachoma kuni nyingine kuyageuza mvuke, huku moshi ukiongezeka na presha ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji kuwa mvuke, ikishuka katikati ya zamu. Pasua magogo yawe na unene wa sentimita 10 hadi 15, yainue kutoka ardhini, panga kwa mwanya wa hewa chini ya paa lililo wazi pembeni, uyaache miezi mitatu au minne. Akiba lazima ivuke msimu wa mvua wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba. Mkataba ulio wa haki hulipa kwa tani kavu: sampuli hupimwa, huwekwa ndani ya oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, hupimwa tena, na tofauti ndiyo maji.

Maganda ya kahawa yana utamu na uchungu wake. Kahawa ya kiboko, yaani iliyokaushwa na ganda lake, ikikobolewa, karibu nusu ya uzito hubaki kuwa maganda, na Masaka au Luwero yamerundikana vinuni. Ni mepesi, kwa hiyo lori hujaa kabla ya kufikia tani zake. Ndiyo maana inafaa kuyabana kuwa briketi, yaani vipande vigumu vya kuchoma, karibu na kinu. Mashine ya kubana hutaka unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ukizidi, mvuke hupasua briketi. Ukipungua mno, hazishikani. Mchanga uliofagiliwa pamoja na maganda humaliza skrubu ya mashine hiyo haraka, na pumba za mpunga, ambazo karibu moja ya tano ni majivu yenye silika, huila zaidi. Ndani ya boila, potasiamu ya maganda ya kahawa huyeyusha majivu yakagandamana kwenye chanja. Changanya na kuni na uondoe majivu mara kwa mara. Potasiamu hiyo hiyo ndiyo chakula cha migomba. Mkulima aliyezoea kutandaza maganda shambani anapoteza mbolea pale yanaponunuliwa yote, kwa hiyo tunashauri kinu kiache sehemu kwa wakulima wake na kiwanda kirudishe majivu.

Kwa makaa, tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 15 kutoka kilo 100 za kuni. Lile la Casamance, lenye bomba la moshi, likiendeshwa na fundi makini hufikia 25. Kuni zisizokauka na nyufa zinazoingiza hewa ndizo huteketeza faida hiyo.

Soko la nje linadai ushahidi zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji wa misitu inahusu kuni na makaa pia: muuzaji huonyesha kwa viwianishi vya GPS kipande cha ardhi kilichovunwa, na msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020 hauruhusiwi. Kwa hiyo pima mipaka ya kila shamba kwa GPS siku ya kupanda, andika tarehe ya kupanda na ya kukata, na kila lori litoke na karatasi yenye namba ya shamba, uzito na unyevu.