Bomba Kulingana Si Konveta Kufaa: Dhana Potofu za Wenye Pikapu

Dhana ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wenye pikapu za petroli ni kwamba katalitiki konveta yoyote, yaani kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi wa injini, inafaa, mradi kipenyo cha bomba lake kilingane na cha ekzosi na fundi awe na mashine ya kuchomelea. Mtu hupima bomba, hununua iliyo rahisi, huifunga na kufuta hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Taa ya injini inaporudi muda mfupi baadaye, lawama huangukia spea zote zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari. Wanaoiamini hulipia konveta mara mbili, na hilo linaepukika kabisa.

Bomba hupitisha moshi tu. Kazi yenyewe ya kusafisha hufanywa na masega yaliyo ndani, yenye vijitundu vingi ambamo moshi hupita. Masega hayo, ambayo kwa kawaida ni ya kauri na mara nyingine ya bati jembamba, hupakwa tabaka la alumina lenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Platinamu na paladiamu huunguza monoksidi ya kaboni na mabaki ya petroli, na rodiamu huvunja oksidi za nitrojeni, huku oksidi ya seriamu ikihifadhi oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua. Madini hayo ndiyo yanayoipandisha konveta bei, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa na anayetaka kuuza kwa bei ya chini. Konveta mbili zinaweza kufanana umbo, urefu na kipenyo, lakini moja ikawa na sehemu ndogo tu ya madini yaliyomo katika nyingine, na hakuna jicho litakaloiona tofauti hiyo.

Kwenye pikapu kosa hili huumiza zaidi, kwa sababu injini huwa kubwa, hubeba mzigo na kuvuta trela, na hivyo hutoa moshi mwingi na wa moto kwa muda mrefu. Ukiufungia masega ya gari dogo, moshi hupita kabla haujapata muda wa kutosha kugusana na madini. Sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya konveta, ambayo usomaji wake unapaswa kutulia, huanza kupanda na kushuka kama ile iliyo mbele ya konveta, na kompyuta huandika namba ya hitilafu P0420, au P0430 ikiwa ni upande wa pili wa injini ya V, ambayo silinda zake zimepangwa pande mbili. Kabla ya kumpigia muuzaji, fungua boneti usome kibandiko cha viwango vya moshi, kisha utafute konveta iliyoorodheshwa kwa injini hiyo, mwaka huo, ujazo huo na uzito wa gari hilo. Pikapu mbili za modeli moja na mwaka mmoja zinaweza kuwa ziliidhinishwa kwa viwango tofauti. Huko California, kwa mfano, konveta mbadala lazima iwe na namba ya idhini kwenye gamba lake, na idhini hiyo iwe inaihusu injini husika. Muuzaji anayeuliza kipenyo cha bomba peke yake hajakuuliza lolote la maana.

Dhana ya pili ni kwamba P0420 maana yake konveta imekufa. Ekzosi inayovuja karibu na sensa, au sensa yenyewe iliyochoka, inaweza kuleta namba hiyohiyo. Hata konveta ikiwa imekufa kweli, mara nyingi imeuawa na injini: ikimisi, yaani silinda ikishindwa kuwasha, petroli ambayo haikuungua huwakia ndani ya masega na kuyayeyusha, ikila oili, fosforasi na zinki hufunika madini, na kulanti (maji ya kupoza injini) inayovuja kwenye silinda huyachafua vilevile. Kufunga konveta mpya bila kutibu chanzo ni kuitupa.

Wapo wanaoshauri masega yang'olewe ili gari lipunguze ulaji wa mafuta. Konveta nzima huzuia moshi kidogo sana, na mchanganyiko wa petroli na hewa huongozwa na sensa ya mbele, kwa hiyo akiba hiyo haipo. Iliyoziba hakika hupunguza nguvu, na dawa yake ni kubadilishwa. Kipande cha kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi nacho huificha taa tu bila kusafisha chochote.

Konveta ya kuchomelea si duni kwa sababu tu ni ya kuchomelea, ikiwa sifa zake zinalingana na injini. Lazima ikae mahali palepale pa ile ya awali, kwani masega huanza kufanya kazi vizuri yanapofikia takriban nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na ukiyasogeza nyuma yatachelewa kupata joto.

Kuhusu dhamana, watu husoma namba kubwa na kuacha ndogo. Kwa kanuni za shirikisho za Marekani, gamba la konveta mbadala hudhaminiwa kwa miaka 5 au maili 50,000, lakini utendaji wa masega ni maili 25,000 tu, ilhali konveta ya kiwandani kwa kawaida hudhaminiwa miaka 8 au maili 80,000. Mwenye pikapu huko ambayo haijavuka kiwango hicho aanze kwa muuzaji wa magari wa chapa hiyo, kwa kuwa huenda akabadilishiwa bila malipo.